Mpaka wa Mwaka 1949: Mlima Rungwe Ulivyopata Kuwa Hifadhi

Mwulize kijana yeyote wa Tukuyu kwa nini Mlima Rungwe umekuwa hifadhi, atakujibu kwa neno moja: kipunji. Jibu hilo si la uongo, ila ni ukweli wa juzi. Mpaka wa msitu ule una umri mkubwa kuliko wengi wa wanachama wetu, na haukuwekwa kwa ajili ya mnyama yeyote. Uliwekwa kwa ajili ya maji. Tumeona tuiandike historia hiyo katika kijitabu cha harambee ya mwaka huu kwa sababu fedha tunazowaomba zinakwenda kwa majirani wa mpaka huo, na sisi tulio wahasibu ndani ya kamati tunaamini si haki kumwomba mtu mchango bila kumwonyesha hesabu ilikoanzia.

Tuanze na mlima wenyewe. Rungwe ni volkano iliyolala, na kilele chake kina mita 2,960 hivi kutoka usawa wa bahari. Yapata miaka 4,000 iliyopita ulilipuka kwa nguvu na kumwaga mawe mepesi na majivu juu ya nchi iliyouzunguka. Jirani yake Kyejo alitoa lava miaka kama 200 tu iliyopita, tukio ambalo masimulizi ya wazee wetu yamelitunza. Majivu hayo ndiyo yaliyotupa udongo unaostawisha migomba, chai, kahawa, viazi na, siku hizi, parachichi ambazo kila mstaafu anayerudi nyumbani anataka kuzipanda.

Lakini udongo peke yake usingetosha. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa hupanda mteremko wa kusini-mashariki, hupoa huko juu, na kuanguka mvua. Sehemu za mteremko huo hupata hadi milimita 3,000 kwa mwaka. Wenzetu mnaofanya kazi Dodoma mnaweza kupima wenyewe maana yake: mji huo haupati hata robo ya kiasi hicho. Msitu huipokea mvua hiyo, huishika kwenye majani, kwenye kuvu na kwenye udongo mwepesi wa volkano, kisha huiachia polepole hata miezi ya kiangazi. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hupokea maji ya mlima huu na ya safu jirani, ikashuka nayo hadi Kyela na kumwaga ziwani. Mchele wa Kyela unaougombania sokoni Dar es Salaam umekua katika tambarare inayolishwa na maji ya milima yetu. Mwenye kuula pengine hajui hata jina la kijiji kimoja cha Suma au Isongole.

Kabla ya serikali yoyote kuchora mpaka, babu zetu walikuwa na misitu isiyoguswa. Unaofahamika zaidi ni Lubaga, mahali pa Lwembe, ambapo matambiko ya mvua na rutuba yalifanyika kwa niaba ya nchi nzima. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti kwetu kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika mengi juu ya vichaka hivyo. Malafyale alipozikwa, miti iliyoota kwenye kaburi lake haikukatwa, na baada ya vizazi viwili au vitatu mahali pale pakawa msitu mdogo uliojilinda kwa hofu na heshima. Tusipambe mambo, hata hivyo. Wazee wale wale walifyeka msitu mahali pengine ili wapate migomba na malisho ya ng'ombe, na hawakuona kosa. Walichokuwa nacho ni wazo kwamba si kila ardhi ni ya kulimwa, na kwamba mvua ina mahali pake inapoombewa. Wazo hilo halikuletwa na meli.

Walioletwa na meli walifika mwaka 1891: wamisionari wa Moravian, waliojenga chini ya mlima mahali panapoitwa Rungwe mpaka leo, na wale wa Berlin, waliojenga upande wa kusini-mashariki. Serikali ya Wajerumani ikafuata, ikaweka boma lake Tukuyu na kuliita Neu-Langenburg. Mwaka 1904 Wajerumani walitoa amri ya kutenga misitu ya serikali katika koloni lao lote, na Waingereza walipochukua nchi waliendelea na kazi hiyo hiyo. Kwa mlima wetu, mwaka wa kukumbuka ni 1949. Ndipo msitu wa Rungwe ulipotangazwa kuwa msitu wa hifadhi kwa ajili ya vyanzo vya maji, eneo la hekta 13,652, sawa na kilomita za mraba 136 na ushee.

Utawala wa Kiingereza haukuwa na huruma ya pekee kwa miti. Mashamba ya chai yalikuwa yanapanuka, idadi ya watu ilikuwa inaongezeka, na maofisa wake walijua kwamba kilimo cha bonde lote kinategemea kilele. Sheria za misitu za wakati ule hazikumpa mwanakijiji nafasi kubwa ya kusema. Aliyekuwa akikata mianzi ya kujengea nyumba, kuchimba dawa au kutega wanyama huko juu aliambiwa kwamba kuanzia hapa si kwako. Malalamiko tunayoyasikia leo kwenye mikutano ya vijiji, kwamba mlima ulichukuliwa, hayakuanza na kipunji. Yana miaka zaidi ya 70. Hata hivyo, tukitazama ramani kwa macho ya leo, inabidi tukubali jambo moja: kama mstari ule usingechorwa wakati ule, sehemu kubwa ya mteremko ingekuwa mashamba ya viazi kabla ya Uhuru.

Miaka sitini iliyofuata tutaipita haraka, kwa sababu kwa sehemu kubwa ni hadithi ya mpaka uliokuwa kwenye karatasi. Msitu ulikuwa chini ya Idara ya Misitu, ambayo ilikuwa na kazi kubwa na askari wachache. Hadhi ya msitu wa vyanzo vya maji iliruhusu baadhi ya matumizi kwa kibali, na palipo na kibali kimoja hupita magogo kumi. Miti mikubwa ilipasuliwa mbao. Mkaa ulichomwa na kusafirishwa Mbeya. Moto ulioanzishwa mashambani wakati wa kiangazi ulipanda mpaka kwenye nyasi za kileleni. Wawindaji waliingia na mbwa. Hayo hayakufanywa na watu wabaya. Bei za mazao zilipoanguka, mlima ulikuwa ndiyo benki pekee isiyodai dhamana, nasi wengine tulisomeshwa na mbao hizo.

Sasa tufike kwa kipunji, maana hapo hadithi inageuka.

Mwaka 2003, watafiti wa programu ya Nyanda za Juu Kusini ya shirika la Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakiwahoji wawindaji wa vijiji vya chini ya Rungwe juu ya wanyama walioko msituni. Wawindaji wakamtaja kipunji: mnyama mwenye haya, anayekaa juu ya miti, adimu kuonekana. Watafiti walisitasita. Walikwisha kujua kwamba katika masimulizi ya Wanyakyusa, wanyama wa kweli na viumbe wa kiroho hutajwa kwa pamoja, na hawakuwa na hakika kipunji yuko upande gani. Wakaendelea kumtafuta. Mwishoni mwa mwaka huo walimwona vizuri: kima mkubwa wa rangi ya kahawia, uso mweusi, nywele zimesimama juu ya kichwa kama kishungi, mkia mrefu wenye ncha nyeupe, na sauti kali inayoanza kama honi na kuishia kama mbwa anayebweka. Hakuwamo katika kitabu chochote.

Miezi michache baadaye, katikati ya mwaka 2004, mtafiti mwingine, Trevor Jones, alimwona kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwetu. Makundi mawili ya watafiti, kila moja likidhani limepata kitu peke yake, yakagundua kuwa yanazungumzia mnyama mmoja. Mwezi Mei 2005 walimtangaza kwa pamoja katika jarida la Science. Kwenye orodha ya waandishi, pamoja na Davenport, Jones na wenzao, yalikuwamo majina ya Watanzania wawili, Noah Mpunga na Sophy Machaga. Tunayataja kwa makusudi, kwa sababu vijana wetu wakisoma habari za ugunduzi hudhani ni kazi ya wageni tu.

Na tuseme wazi tunavyoona sisi: kipunji hakugunduliwa mwaka 2003. Alikuwa na jina kwa Kinyakyusa, na wawindaji walijua anapolala. Kilichofanyika ni kumsajili. Anayefanya kazi ya vitabu vya hesabu anajua tofauti hiyo vizuri. Mali inaweza kuwapo ghalani miaka mingi, lakini kama haimo kwenye daftari, hakuna anayeweza kuidai ikipotea.

Usajili ulikuwa haujakamilika. Mwaka huo huo wa 2005, kipunji mmoja ambaye hajakomaa alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima, kwenye shamba la mahindi kando ya msitu. Mwili wake ulifanyiwa uchunguzi, na sasa umehifadhiwa katika makumbusho ya Field Museum mjini Chicago. Vinasaba vilionyesha jambo lisilotarajiwa: kwa umbo anafanana na kima wa misituni aliodhaniwa kuwa wa ukoo wao, lakini kwa damu yuko karibu zaidi na nyani. Wanasayansi wakalazimika kumfungulia jenasi yake mwenyewe, wakaiita Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu. Hiyo ilikuwa mwaka 2006, na ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika katika miaka 83.

Hapo ndipo dunia ilipoanza kuuliza: huyo mnyama yuko wapi, na nani anamlinda? Jibu halikupendeza. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji wote kuwa 1,117 tu, na kati yao 1,042 walikuwa huku kwetu, katika misitu ya Rungwe na Kitulo. Waliobaki walikuwa Ndundulu. Akawekwa katika orodha ya kima na nyani 25 walio hatarini zaidi duniani. Na msitu aliokuwa akiutegemea kwenye mlima wenye jina lake ulikuwa bado una hadhi ile ile ya mwaka 1949, yenye vibali na magogo yake.

Sheria ya kubadili hali hiyo ilikuwa imekwisha kuwapo. Tanzania ilikuwa imeanza na Amani, huko Usambara Mashariki, iliyotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 zikaipa ngazi hiyo msingi ulio imara. Ni daraja la juu kabisa la ulinzi katika sheria za misitu: hakuna kuvuna magogo, hakuna mkaa, hakuna kulima, na kinachobaki ni utafiti, elimu, utalii na kulinda maji. Upande wa pili wa bonde, Kitulo, ile nyanda ya maua ambayo watu huiita Bustani ya Mungu, ilikuwa imetangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ikiwa na kilomita za mraba karibu 413, pamoja na sehemu ya msitu wa Livingstone uliopakana na vijiji vya Busokelo. Huko, kilichosukuma jambo zaidi ni mizizi ya okidi, iliyokuwa ikichimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia kwa chakula.

Tumewahi kuulizwa kwenye mikutano kwa nini Rungwe nao haukupelekwa TANAPA kama Kitulo. Kwa maoni yetu ilikuwa heri. Mlima ulibaki mikononi mwa sekta ya misitu, ambako ulikuwa tangu mwaka 1949, na lengo la kwanza la uhifadhi wake likabaki maji. Mwaka 2009 Serikali ikatangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, kwa eneo lile lile la hekta 13,652. Baada ya hapo usimamizi ukaingia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Wanaofikiri kwamba mwaka 2009 wananchi walinyang'anywa ardhi mpya watazame tarakimu hizo mbili. Mpaka haukusogea. Kilichobadilika ni yanayoruhusiwa ndani yake, na ukali wa anayelinda.

(Tusahihishe kosa moja linalojirudia hata kwenye hotuba: Ziwa Ngozi halimo katika hifadhi hii. Limo katika msitu wa safu ya Poroto, ng'ambo ya barabara kuu ya Mbeya. Daraja la Mungu na Kijungu navyo viko kwenye Mto Kiwira. Mgeni anayekuja kwetu anaweza kuviona vyote kwa siku mbili, lakini tusimuuzie tiketi isiyo yake.)

Matokeo yapo. Hesabu ya kipunji iliyochapishwa mwaka 2022 ilifika 1,966. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni jitihada za doria, elimu na upandaji miti zilizofanywa Rungwe na Livingstone kwa karibu miaka ishirini. Kati ya misitu hiyo miwili kuna ushoroba mwembamba, Bujingijila, ambao ndio daraja pekee la miti kati ya mlima na safu ya Livingstone. Ukikatika, kipunji wa Rungwe watabaki kama watu waliofungiwa kisiwani, wakioana wao kwa wao. Kwa hiyo kila mche unaopandwa Bujingijila una kazi kubwa kuliko mia moja inayopandwa kwenye uwanja wa ofisi siku ya sherehe.

Lakini turudi kwenye lile shamba la mahindi. Mkulima aliyetega mtego hakuwa na ugomvi na sayansi. Alikuwa analinda chakula cha watoto wake. Kabla ya 2009 aliweza, kwa kibali au kwa kujificha, kufidia hasara ya mahindi kwa gogo moja au magunia mawili ya mkaa. Sasa hawezi, na hatutaki aweze. Ila mahindi bado yanaliwa. Kuni bado zinahitajika kila jioni, hasa katika wilaya ambayo baridi ya Juni humfanya mtu aote moto saa nane mchana. Mianzi ya kusukia vikapu sasa ni lazima aipande mwenyewe.

Ukiiweka habari hii kwenye daftari la pande mbili, utaona kwamba gharama yote iko upande mmoja: iko Isongole, iko Suma, iko Bujingijila, iko kwa kaya ambazo shamba lake linaishia kwenye jiwe la mpaka. Faida iko mahali pengine. Iko kwa mkulima wa chai anayepata mvua kwa wakati, iko kwa mwenye bomba la maji ya mserereko Tukuyu mjini, iko kwa mpunga wa Kyela, iko kwa mtalii, na iko kwetu sisi tulioko Dar es Salaam, Mbeya na Dodoma, tunaojivunia jina la mlima kwenye fulana za umoja huu bila kulilipia. Mwaka 1949 hesabu hiyo haikulinganishwa, na mwaka 2009 haikulinganishwa pia. Serikali ina sehemu yake, na tumekuwa tukiikumbusha kila tulipopata nafasi. Sehemu yetu ni ndogo, lakini hakuna aliyetuzuia kuilipa.

Ndiyo maana mkutano mkuu uliamua mfuko wa mwaka huu usigawanywe vipande vidogo wilaya nzima kama ilivyo desturi, bali uelekezwe kwa vijiji vya mpakani. Utaanza na vitalu vya miche ya kuni na mianzi vitakavyomilikiwa na vikundi vya akina mama, ili kuni zipatikane shambani. Itafuata mizinga ya nyuki, itakayowekwa kwenye mashamba ya pembezoni kwa utaratibu utakaokubaliwa na wasimamizi wa hifadhi. Kitakachobaki kitanunua madawati na vitabu kwa shule za msingi zilizo karibu na Bujingijila, pamoja na nauli ya kuwapandisha wanafunzi wa darasa la sita mlimani mara moja kwa mwaka, maana wengi wao wamezaliwa chini ya msitu ule na hawajawahi kuingia ndani.

Mchanganuo wa bajeti uko ukurasa unaofuata, na taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka jana, iliyokaguliwa, iko baada yake. Fomu ya ahadi imebanwa katikati ya kijitabu. Aliye mbali anaweza kuirudisha kupitia mwakilishi wa tawi lake kabla ya siku ya harambee. Atakayekuja mwenyewe tunamwomba aje na koti la mvua.